Kiini cha Atomu Kinapomeza Pioni: Habari Iletwayo na Mionzi ya Gama

Ndugu msomaji, nyosha mkono wako, kiganja kikielekea juu, kisha uhesabu taratibu mpaka sitini. Katika muda huo wa dakika moja, vijipande kama mia moja, vidogo mno visivyoonekana kwa jicho wala kwa darubini, vimekwisha kupita katika kiganja chako, vikapenya meza na sakafu na kuzama ardhini. Si makuti, si bati, si saruji ya dari iwezayo kuvizuia vyote. Hukusikia maumivu, wala hapana haja ya kuogopa, kwani binadamu ameishi chini ya mvua hiyo tangu alipokuwako duniani. Vijipande hivyo huitwa myuoni, na karibu vyote ni watoto wa kijipande kingine kiitwacho pioni, ambacho huzaliwa juu sana angani na kufa kabla ya kutufikia.

Makala haya yanamhusu huyo mzazi. Pioni ziko za namna tatu: moja ina umeme chanya, ya pili ina umeme hasi, na ya tatu haina umeme wowote. Hapa tutaitazama hasa pioni hasi, na jambo linalotukia inaposimama karibu na kiini cha atomu. Kiini huimeza, na mara chache, baada ya kuimeza, hutoa mwonzi mkali wa gama.

Yawezekana mama mwenye nyumba au baba anayehangaikia karo za watoto akauliza, "Jambo hili lanihusu nini?" Swali hilo ni la haki, na majibu yake ni mawili. Kwanza, mionzi hiyo imesaidia kueleza mambo yaliyo chini ya maji tunayokunywa na jua linalokausha nguo zetu. Pili, baina ya mwaka 1974 na miaka ya tisini ya mwanzo, wagonjwa wa saratani wapatao 1,100 walilazwa mbele ya mihimili ya pioni hasi wakitumaini kupona. Namna tumaini hilo lilivyoanza, na namna lilivyokwisha, ni funzo kwa kila nyumba.

GUNDI YA KIINI

Tulifundishwa shuleni ya kuwa kila kitu kimejengwa kwa atomu, na ya kuwa katikati ya atomu mna kiini. Ndani ya kiini zimo protoni, zenye umeme chanya, pamoja na nyutroni zisizo na umeme. Nje yake huzunguka elektroni, zenye umeme hasi. Kwa ukubwa, kiini ni kama punje ya mtama iliyowekwa katikati ya uwanja wa mpira, uwanja wenyewe ukiwa ndio atomu.

Lakini hapo pana kitendawili. Tunajua ya kuwa umeme wa namna moja husukumana. Yawaje basi protoni nyingi zikakaa zimebanana katika chumba kidogo namna hiyo bila ya kurushana huku na huku? Lazima pawe na gundi yenye nguvu kuupita umeme, nayo iwe gundi ifanyayo kazi kwa karibu sana tu, maana nje ya kiini haionekani.

Mwaka 1935 kijana mmoja wa Kijapani, Hideki Yukawa, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, alitoa jawabu. Alisema ya kuwa protoni na nyutroni hushikamana kwa kurushiana kijipande fulani, mfano wa watoto wawili wasioweza kuachana kwa sababu wanarushiana mpira bila kukoma. Kwa kuwa gundi hiyo hufika mahali pa karibu tu, alikisia kuwa mpira wao una uzito kama mara mia mbili ya uzito wa elektroni. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyekwisha kuuona.

KIJIPANDE KILICHOTAFUTWA

Mwaka mmoja tu ulipita. Huko Marekani, Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliona katika miali itokayo anga za juu kijipande chenye uzito uliokaribiana na ule uliokisiwa. Watu wengi wakashangilia wakidhani mpira wa Yukawa umepatikana. Kumbe aliyepatikana ni mwingine aliyefanana naye.

Waliofichua jambo hilo walikuwa Waitalia watatu, Marcello Conversi, Ettore Pancini na Oreste Piccioni. Mji wa Rumi ulipopigwa mabomu mwaka 1943, vyombo vya kazi yao vilihamishiwa katika jengo la shule lililo karibu na Vatikano, mahali ambapo hapakudhaniwa kupigwa. Hoja yao ilikuwa rahisi. Kijipande cha Yukawa, kikiwa na umeme hasi, kikisimama ndani ya mata lazima kivutwe na kiini na kumezwa mara moja, kwa sababu chenyewe ndicho gundi ya kiini. Walipokisimamisha kijipande cha Anderson ndani ya kaboni, waliona kuwa mara nyingi hakikumezwa, bali kilikufa kifo chake cha kawaida. Gundi isiyonata si gundi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1947, na kijipande hicho ndicho kile myuoni kipitacho kiganjani mwetu.

Mwaka huo huo wa 1947 ndio ukweli ulipotokea. Mwezi wa Januari, Donald Perkins wa London alitangaza picha iliyopigwa kwenye bamba lenye dawa nzito ya picha, lililopandishwa juu kwa ndege. Katika picha hiyo kijipande kilionekana kikisimama, kisha kiini kilichokimeza kikapasuka na kutawanya vipande vyake kila upande, mfano wa nyota. Miezi michache baadaye Cecil Powell, Giuseppe Occhialini, Mbrazili César Lattes na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol, wakitumia mabamba yaliyowekwa juu ya milima ya Pyrenees huko Ufaransa na mlima Chacaltaya wa Bolivia, walionyesha pasi na shaka kijipande kizito kikisimama na kumzaa myuoni. Mahali alipoyaweka Lattes mabamba yake huko Bolivia pana urefu wa zaidi ya mita 5,000, yaani si mbali sana na kimo cha Kibo chetu cha Afrika ya Mashariki.

Ni haki pia kumtaja mwanamke wa Kihindi, Bibha Chowdhuri. Yeye na mwalimu wake D. M. Bose walikuwa wamekwisha kuona alama za vijipande vya namna hiyo kwenye mabamba waliyoyaweka milimani Darjeeling. Vita viliwanyima mabamba bora zaidi ya kukamilishia kazi, na sifa ikaenda kwa wengine. Yukawa alipewa nishani ya Nobel mwaka 1949, naye Powell mwaka 1950.

MWISHO WA PIONI HASI

Pioni yenye umeme ina uzito wa mara 273 ya elektroni. Maisha yake ni mafupi mno: ukigawanya sekunde moja mafungu milioni elfu moja, yeye huishi kwa wastani mafungu 26 tu. Hata hivyo pioni hasi iingiayo ndani ya kitu kigumu au majimaji haingoji hata kifo hicho.

Kwanza hupunguza mwendo kwa kugongana na elektroni, mpaka inaposimama. Hapo kiini, kilicho na umeme chanya, huivuta. Pioni huingia katika njia ya mzunguko kana kwamba yeye ndiye elektroni, lakini kwa ajili ya uzito wake hukizunguka kiini kwa karibu zaidi mara mamia. Huteremka ngazi kwa ngazi, na katika kuteremka huko hutoa mionzi ya eksirei. Mwishowe hukigusa kiini, na kiini humeza. Pioni chanya haifikwi na hayo, maana kiini huisukuma mbali.

Pioni inapomezwa uzito wake wote hugeuka kuwa nishati. Wataalamu hupima nishati hiyo kwa elektroni-volti, yaani nguvu anayopata elektroni mmoja anaposukumwa na umeme wa volti moja. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu. Pioni moja hutoa elektroni-volti kama milioni 140.

Tuzitazame hizo milioni 140 kama mshahara wa mwisho wa mwezi. Katika viini kama vya kaboni na oksijeni, ambavyo ndivyo vingi mwilini mwetu, milioni 40 hivi hutumika katika kukivunja kiini na kuvifungua vipande vyake. Milioni 70 hivi huchukuliwa na nyutroni zinazokimbia mbali, kwa kuwa hazina umeme wa kuzizuia. Zinazobaki nyumbani, mikononi mwa vipande vizito vinavyosimama papo hapo, ni milioni 30 hivi tu. Msomaji ayakumbuke mahesabu haya, maana tutayarudia tutakapofika hospitalini.

KWA NINI MWONZI WA GAMA?

Kwa kawaida kiini kilichomeza pioni huwatupa nje wakazi wake wawili au zaidi kwa kishindo, na atazamaye kwa nje huambulia fujo. Vipande vitokavyo vimegongana njiani na kubadilishwa, mfano wa shahidi aliyezungumza na watu kumi kabla hajafika barazani.

Lakini katika pioni mia zimezwazo, mbili hivi humalizika kwa njia nyingine. Karibu nishati yote hutoka katika mwonzi mmoja wa gama. Mionzi ya gama ni ndugu wa mwanga, ila ina nguvu nyingi zaidi, nayo haishikwi na gundi ya kiini. Mwonzi ukizaliwa ndani hutoka nje bila kugongana na mtu, ukiwa umebeba habari kama ilivyokuwa, pasipo kuongeza chumvi. Kwa kupima nguvu zake tu, mtu aweza kujua kiini kilichobaki nyuma kimo katika hali gani.

Ili tuelewe ukali wake, tufananishe na kitu kijulikanacho. Mashine za kobalti, ambazo zimetibu wagonjwa wengi katika hospitali kama Ocean Road ya Dar es Salaam, hutoa mionzi ya gama yenye nguvu ya elektroni-volti milioni 1.17 na milioni 1.33. Mwonzi utokao pioni inapomezwa na haidrojeni una nguvu ya milioni 129, yaani kama mara mia ya ule wa kobalti. Ungetaka kumpa elektroni mmoja nguvu hizo kwa betri za tochi, ungehitaji kupanga betri milioni 86 katika mstari mmoja.

JARIBIO LA BERKELEY

Jaribio lililofungua mlango huu lilitangazwa mwaka 1951 na Wolfgang Panofsky pamoja na wenzake Lee Aamodt na James Hadley, kutoka Berkeley huko California. Panofsky alizaliwa Berlin mwaka 1919, akaondoka Ujerumani pamoja na jamaa yake mwaka 1934 wakati wa utawala wa Hitler. Mwaka ule ule wa 1951 aliihama Berkeley kwenda Stanford, kwa kutoridhishwa na kiapo cha kisiasa walichotakiwa walimu wa chuo kukiapa. Baadaye alikuwa mshauri mashuhuri katika kazi ya kupunguza silaha za nyuklia. Alifariki mwaka 2007.

Kwa ajili ya jaribio hilo walichagua haidrojeni, atomu iliyo nyepesi kupita zote, ambayo kiini chake ni protoni moja tu. Walishindilia gesi yake ndani ya chombo imara kilichopozwa sana, wakasimamisha humo pioni hasi zilizotengenezwa na mtambo mkubwa wa saiklotroni. Kisha waliiacha mionzi ya gama ipige karatasi nyembamba ya madini, ambamo baadhi yake hugeuka kuwa jozi ya elektroni mbili, moja hasi na moja chanya. Sumaku kubwa huzipinda elektroni hizo, moja kulia, moja kushoto. Ukijua zimepindwa kiasi gani utajua nguvu za kila moja, na ukizijumlisha utapata nguvu ya mwonzi uliozizaa.

Waliona makundi mawili. Kundi la kwanza lilisimama wima mahali pamoja, karibu na milioni 130. Hiyo ilikuwa habari ya pioni na protoni kugeuka kuwa nyutroni na mwonzi mmoja. Kundi la pili lilitawanyika kutoka milioni 55 hivi mpaka milioni 83 hivi. Huko pioni hasi na protoni zilikuwa zimebadilishana umeme, zikabaki nyutroni na pioni isiyo na umeme, nayo ikafa mara moja na kuacha mionzi miwili ya gama.

Kutawanyika kwa kundi la pili kuna maana yake. Msomaji amesikia honi ya basi likimjia: sauti ni nyembamba, na likishapita sauti huwa nene. Pioni ile isiyo na umeme hufa ikiwa inakwenda kwa mwendo wa moja ya tano ya mwendo wa mwanga. Mwonzi utupwao mbele huongezewa nguvu, na utupwao nyuma hupunguziwa. Kwa kupima upana wa mtawanyiko, Panofsky na wenzake waliweza kupima uzito wa pioni isiyo na umeme, kijipande ambacho hapana aliyeweza kukiweka kwenye mizani. Walikuta kuwa ni nyepesi kidogo kuliko dada zake.

Uwiano wa njia hizo mbili, yaani kubadilishana umeme dhidi ya kutoa mwonzi mmoja, umepewa jina la Panofsky mwenyewe. Kipimo chake cha kwanza kilionyesha kuwa njia hizo zinakaribia kulingana. Vipimo vya watu wengine katika miaka iliyofuata vilisahihisha: ni kama tatu kwa mbili, au 1.55. Marekebisho hayo hayakuwa fedheha kwa mtu. Ndivyo elimu inavyokwenda. Wa kwanza hufyeka njia, wa pili hung'oa visiki.

NYUTRONI MBILI ZISIZOWEZA KUKUTANISHWA

Jaribio hilo hilo lilifanywa pia kwa dyuteri, haidrojeni nzito ambayo kiini chake ni protoni moja na nyutroni moja. Humo mambo yalikuwa mengine. Pioni kama tatu katika kila nne ziliacha nyutroni mbili na hapana mwonzi wowote. Moja katika nne iliacha nyutroni mbili pamoja na mwonzi wa gama.

Sheria ya maumbile hairuhusu nyutroni mbili zinazofanana kabisa kukaa katika hali moja, kama vile watu wawili wasivyoweza kukalia kigoda kimoja. Kwa sababu ya katazo hilo, njia ya kuacha nyutroni mbili peke yake ingefungwa kama pioni ingekuwa kitu kisichogeuka kinapotazamwa katika kioo, mfano wa mpira. Kwa kuwa njia ilionekana wazi, ilijulikana kuwa pioni ni ya kabila la vitu ambavyo alama yake hugeuka katika kioo. Hiyo ni tabia ya asili ya gundi ya kiini, nayo ilijulikana hapo.

Mwonzi wa dyuteri una faida ya pili. Wataalamu walitaka sana kujua nyutroni mbili huvutana kwa kiasi gani. Kupima protoni mbili ni rahisi: chombo kimoja cha haidrojeni na mhimili wa protoni vyatosha. Lakini hakuna chungu cha nyutroni duniani. Nyutroni iliyo peke yake huishi kwa wastani dakika kama kumi na tano, kisha huvunjika. Pioni ikimezwa na dyuteri, hata hivyo, nyutroni mbili huachwa pamoja, na hapana mwingine karibu ila mwonzi wa gama upitao bila kuzisumbua. Zikivutana sana, mionzi mingi hutokea kwenye ncha ya juu kabisa ya nguvu. Zikivutana kidogo, ncha hiyo hupungua.

Vipimo hivyo vilifanywa Villigen huko Uswisi katika miaka ya 1979 na 1984, na tena Los Alamos, Marekani, vikatangazwa mwaka 1998. Vilionyesha kuwa nyutroni mbili huvutana kwa nguvu kidogo zaidi kuliko protoni mbili, hata baada ya kuondoa katika hesabu msukumano wa umeme. Tofauti hiyo ndogo ni ya ukoo mmoja na nyingine iliyo muhimu zaidi kwetu: nyutroni ni nzito kuliko protoni kwa sehemu moja tu katika mia saba hivi. Kama ingekuwa kinyume, protoni ingekuwa nzito kuliko nyutroni, haidrojeni isingedumu. Bila haidrojeni hakuna maji, wala hakuna jua la namna hii tunayoijua, kwa kuwa jua huwaka kwa haidrojeni. Uhai wetu wote umesimama juu ya sehemu hiyo moja katika mia saba.

Jambo jingine la kupendeza ni la maji yenyewe. Katika maji, atomu mbili kati ya kila tatu ni haidrojeni. Mtu angetazamia kuwa pioni nyingi zimezwe na haidrojeni. Lakini wataalamu wa Dubna, nchi ya Urusi, waliotafuta ile mionzi miwili ya pioni isiyo na umeme, waligundua kuwa haidrojeni iliyofungwa pamoja na atomu nyingine hupata pioni chache mno. Katika maji hata moja katika mia haifiki. Oksijeni, mwenye umeme mwingi, hujinyakulia karibu zote. Hivyo mionzi ya gama imewahudumia hata wanakemia.

TUMAINI LA WAGONJWA

Tumefika hospitalini. Mwaka 1961 Donald Perkins, yule yule aliyeiona nyota ya kwanza, pamoja na Peter Fowler, mwenzake wa Bristol, waliandika kwamba pioni hasi zaweza kutibu saratani. Hoja yao ilikuwa nzuri. Eksirei na mionzi ya kobalti huumiza nyama njiani kabla ya kufika kwenye uvimbe, na huumiza tena upande wa pili. Pioni hupita nyama nzima kwa unyenyekevu, na kutua mzigo wake mwingi mahali inaposimama. Juu ya hayo, inapomezwa hukipasua kiini, na vipande vyake vizito huua hata chembe za uvimbe zilizokosa oksijeni, ambazo huivumilia mionzi ya kawaida. Ilionekana kana kwamba maumbile yenyewe yametengeneza bomu dogo lijualo mahali pa kulipukia.

Mitambo mitatu mikubwa ilijengwa ulimwenguni iliyoweza kutoa pioni za kutosha: Los Alamos, Villigen, na Vancouver huko Kanada. Los Alamos walianza kutibu mwaka 1974, na mpaka mwaka 1982 wagonjwa 230 walikuwa wamepita. Vancouver walitibu 367 baina ya mwaka 1979 na 1994. Villigen, kati ya 1980 na 1993, walitibu 503 kwa mashine iliyoelekeza mihimili 60 ya pioni kwa mgonjwa mmoja kutoka kila upande.

Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, na kila aliyepata nafuu alikuwa sababu ya kusifu. Lakini swali la kweli halikuwa kama pioni zinasaidia. Lilikuwa kama zinasaidia kuliko tiba ya kawaida, iliyo rahisi na yenye kupatikana. Ili kulijibu, madaktari wa Vancouver waliwagawa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo kwa kura: hawa pioni, hawa mionzi ya kawaida. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1997 yalionyesha kuwa waliopata pioni hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao.

Sababu moja tumekwisha kuiona katika mahesabu ya mshahara. Zile elektroni-volti milioni 70 zinazochukuliwa na nyutroni hazikai kwenye uvimbe, bali hutawanyika mwilini. Kilichobaki mahali pake ni kidogo kuliko kilichotazamiwa. Aidha mitambo hiyo ilikuwa ya gharama kubwa mno, na muda wa kumtibu mgonjwa mmoja ulikuwa mrefu.

Je, kazi hiyo yote ilikuwa bure? Hapana. Huko Villigen, ujuzi wa kuelekeza mhimili ndani ya mwili na kuupitisha juu ya uvimbe sehemu kwa sehemu ulihamishiwa kwenye protoni. Mwaka 1996 walianza kutibu kwa mhimili mwembamba wa protoni uchorao uvimbe nukta kwa nukta, na njia hiyo leo hutumika katika hospitali za nchi nyingi. Wagonjwa wale wa pioni walichangia jambo ambalo wengi wao hawakuishi kuliona.

FUNZO KWA NYUMBA ZETU

Kutokana na habari hii nyumba zetu zaweza kupata mafunzo mawili yenye kufaa kila siku.

La kwanza ni kuhusu tiba. Pioni ilikuwa na kila sifa: nadharia safi, majina makubwa, mitambo ya mamilioni, na wagonjwa waliotoa ushuhuda wa kupona. Hata hivyo wenye tiba yenyewe walikubali kuipima kwa kura, na kipimo kilipoonyesha kuwa haipiti ile ya zamani, waliiacha. Mtu akikujia na dawa, iwe ya mizizi, ya vidonge au ya mashine yenye taa nyingi, akadai yaponya saratani na ushahidi wake ukawa ni jirani fulani aliyepona, muulize: imelinganishwa na nini, na waliolinganishwa walikuwa wangapi? Akikasirika kwa swali hilo, jawabu umekwisha kulipata. Na mwenye uvimbe usiopungua, au mama mwenye damu isiyo ya kawaida, aende hospitali mapema, kwa sababu mionzi ya kawaida inayowahiwa hufaa kuliko mionzi ya ajabu iliyochelewa.

La pili ni kuhusu watoto wetu na masomo. Yukawa alikuwa kijana mwenye kalamu na karatasi. Waitalia walifanya kazi katika jengo la shule wakati wa mabomu. Lattes alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu hivi alipotangaza kazi yake pamoja na wenzake, naye alitoka katika nchi ambayo haikuhesabiwa miongoni mwa nchi kubwa za sayansi. Mtoto anayeuliza swali gumu mezani, akapewa kofi badala ya jawabu, hujifunza kunyamaza. Mzazi asiyejua jawabu hapungukiwi na heshima akisema, "Twende tukamwulize mwalimu."

Myuoni zinaendelea kupita kiganjani mwako, ndugu msomaji, usiku na mchana, na hazidai kodi. Mwonyeshe mtoto kiganja hicho, umweleze kinachokipita. Huenda swali atakalouliza likawa jema kuliko yote uliyoyasoma hapa.